Valvu au Transista? Iulize Sindano Kwanza

Rafiki yangu aliniazima priampu yake ya valvu kwa wiki mbili. Yangu ni ya transista, kiboksi cha bati kinachoenea kiganjani. Niliweka santuri ya inchi 7 ya Mbaraka Mwinshehe, iliyojaa mikwaruzo, na dakika ya kwanza tu nikakubali nimeshindwa: matoazi yanameremeta, saksafoni imenona. Kufika sahani ya tatu shaka ikaniingia. Ule mmeremeto ulikaa mahali pamoja. Juu yake kulikuwa kumezibwa, kama sufuria iliyofunikwa.

Tuanzie kwenye kazi ya priampu yenyewe. Santuri haichongwi sauti jinsi ilivyo. Kwa kanuni ya RIAA ya mwaka 1954, besi hupunguzwa ili mfereji usitanuke kupita kiasi, na sauti za juu huongezwa ili zishinde mchakacho wa plastiki. Priampu huyarudisha mambo mahali pake: Hz 20 huinuliwa zaidi ya mara 9 ya kHz 1, na kHz 20 hushushwa karibu kwa kiasi hicho hicho. Sasa tazama Hz 50, yaani umeme wa ukutani. Nayo huinuliwa mara 7. Valvu ambayo filamenti yake inapashwa moto kwa AC itakuvumia usiku kucha. Ya rafiki yangu hupashwa kwa DC, ndiyo maana ilitulia. Ukienda kununua, uliza hilo kabla ya kuuliza valvu zimetoka kiwanda gani.

Basi kile kifuniko kilitoka wapi?

Kichwa cha sindano yangu ni AT-VM95E ya Audio-Technica. Hutoa milivolti 4, koili yake ni milihenri 550, na mtengenezaji anataka kapasitansi ya pikofaradi 100 hadi 200, waya zikiwemo. Waya zangu zinakula kama 100. Ndani ya priampu kulikuwa na kapasita ya 100 nyingine, kwa hiyo kikomo tumekwisha kukifikia. Halafu valvu yenyewe, ECC83, inaleta zake. Kati ya gridi na anodi mna pikofaradi 1.6 tu, lakini valvu inapokuza mara 60, upande wa kuingilia huziona kama 100 hivi. Jumla 300. Koili ya 550 ikikutana na 300, mwangwi wao unashuka kutoka kHz 15 hadi 12 na ushei, na juu ya hapo sauti inaporomoka. Utamu wa valvu niliousifu ulikuwa, kwa sehemu kubwa, hesabu ya kapasita.

Niliomba ruhusa, nikachomoa umeme, nikasubiri chaji iishe (anodi ina volti 250, si za kuchezea), nikaibandua ile kapasita. Kifuniko kikaondoka. Tofauti iliyobaki kati ya vyombo viwili ni ndogo, na sidhani kama ningeitambua nikifungwa kitambaa machoni. Kwa milivolti 4, kelele ya valvu nzuri haifiki hata nusu ya mikwaruzo ya sahani zangu.

Mambo hubadilika kwa kichwa cha koili inayotembea. Denon DL-103 hutoa milivolti 0.3, na ili zifike volti 0.3 lazima zikuzwe mara 1,000. Hapo kelele ya ECC83 inasikika, hivyo wenye valvu huongeza transfoma ya 1 kwa 10. Transfoma hiyo hugeuza kinzani ya ohm 47,000 ionekane kwa sindano kama ohm 470, na iliyo nzuri huweza kukugharimu kuliko priampu. Transista chache zinaifanya kazi hiyo kwa bei ya chakula cha mchana.

Nilibaki na kiboksi changu kwa sababu ya kabati. Nyumba yangu iko kando ya barabara, na nilipoigonga valvu ya kwanza kwa ncha ya penseli, spika zilijibu *ting*. Lori likipita, kabati lenye vyombo hutetemeka, na ni hivyo hivyo.

Priampu ya mwenyewe nilimrudishia na kapasita yake nimeichomelea tena mahali pake. Yeye anatumia Shure M97xE, na hicho kinataka pikofaradi 200 hadi 300.