Kumhamisha Mtu Namba

Katika kazi zote za mwalimu wa mpira, ninayoiheshimu kuliko nyingine ni ile ya kumtoa kijana mahali anaposhangiliwa na kumpeleka mahali ambako bado hajui hata asimame vipi. Kumfundisha asiyejua ni kazi ya kila siku. Kumhamisha anayejua, tena anayejua sana, kunataka jicho na kunataka moyo. Viwanja vyetu vya Kigoma, vya Ujiji, Gungu na Kibirizi, havijawahi kukosa mawinga. Kila kizazi kinaleta wake: kijana mwepesi anayempita beki mpaka kwenye kibendera, na watu wazima wanasimama. Mwalimu anayemtazama kijana huyo na kumwambia, "Kuanzia leo unacheza namba kumi," anafahamu kwamba kabla ya magharibi kuna watakaosema amerukwa na akili.

Amekwisha kuona kitu ambacho wao hawajakiona, na mara nyingi amekiona kwa sababu hatazami mechi mahali wanapotazama wao. Sisi tunajipanga pembeni, tunamfuata mwenye mpira. Yeye anakwenda kukaa nyuma ya goli, na kutoka pale hutazama shingo za wachezaji. Yuko winga ambaye mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja hushika kiuno na kusubiri. Yuko mwingine ambaye muda huohuo anageuza kichwa kushoto, nyuma, kulia, kisha anasogea hatua tatu ndani bila kuambiwa na mtu. Akipewa mpira, anampita beki wake kama kawaida, lakini mara mojamoja anasita katikati ya chenga kwa sababu amemwona mwenzake yuko peke yake. Mashabiki huguna. Kule kusita ndiko mwalimu alikokuwa anakungoja.

Ukoo wa Manara, ambao asili yake ni Kigoma, unakumbukwa zaidi kwa Sunday, "Computer", aliyekwenda Heracles ya Uholanzi mwaka 1977 na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Lakini kwa habari hii, ninayemfikiria ni kaka yake. Kitwana Manara, aliyejulikana kwa jina la Popat, alianza kama kipa, kisha Yanga ikaja kumjua kama mshambuliaji. Watu husimulia habari hiyo kama kioja, nami naiona ina mantiki kubwa. Kipa ndiye mtu pekee ambaye kwa dakika 90 uwanja mzima uko mbele ya macho yake. Anamwona beki aliyechelewa kupanda, kiungo aliyeanza kuchoka, winga wa upande wa pili anayeomba mpira ambao hapewi. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka mbele, anakwenda akijua hasa kipa anaogopa nini.

Mfano ninaoupenda zaidi wa jambo hilo umetoka mbali na ziwa letu la Tanganyika, katika raga ya wachezaji 13, ile inayochezwa sana Australia na kaskazini mwa Uingereza. Darren Lockyer wa Brisbane Broncos alikuwa beki wa mwisho, jezi namba 1, mtu anayesimama nyuma ya wote. Hakuwa na haja ya kuhama: mwaka 2003 alitunukiwa Kiatu cha Dhahabu cha mchezaji bora wa dunia akiwa palepale nyuma. Mwaka uliofuata kocha Wayne Bennett alimsogeza mbele, akampa jezi namba 6, kazi ya kuchezesha timu. Katika raga hiyo timu ina nafasi sita tu za kukabwa kabla ya kuutoa mpira, kwa hiyo namba 6 anaishi kwa kuamua haraka: apige teke, apitishe, au aingie mwenyewe, huku watu wenye uzito wa kutisha wakimjia kifuani. Mwaka 2006 Broncos walitwaa ubingwa, na Lockyer akapewa Kiatu cha Dhahabu kwa mara ya pili. Tuzo ileile, mtu yuleyule, kazi mbili tofauti kabisa. Bennett alimchukua mchezaji bora wa dunia akamwambia aanze upya, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Ugumu wenyewe uko wapi? Winga ana rafiki mmoja asiyemwacha, nao ni mstari wa pembeni. Mgongoni kwake hakuna adui, hatari yote inatoka upande mmoja. Mpeleke katikati na rafiki yule ametoweka. Sasa anakabwa kutoka nyuma na watu asiowaona, mpira unamfikia akiwa amelipa goli mgongo, na zile mbio zake zinagonga ukuta baada ya hatua nne. Lazima ajifunze kupokea akiwa ameegemea upande, mguu wa mbali ukitangulia, ili mguso wa kwanza uwe umekwisha kumgeuza. Lazima ajue kilichoko nyuma yake kabla mpira haujafika. Kisha kuna jambo gumu kuliko yote hayo, la kujua lini acheze haraka na lini autulize mchezo.

Hili la mwisho watoto wa Kigoma hulielewa kwa njia ya ziwa. Usiku, dagaa huvutwa kwa taa. Wavu huzamishwa chini ya mwanga, na wanaume wenye mikono yenye nguvu wanakaa tayari na kamba. Lakini anayesema "vuteni" ni yule anayeyatazama maji. Akiwahi, dagaa bado wametawanyika. Akichelewa, wamekwisha kushtuka na kuzama. Mvutaji hodari anaweza kukaa miaka mingi kwenye chombo bila kupewa kazi ya kutazama, na kijana mwembamba akapewa baada ya msimu mmoja, kwa kuwa nahodha aliona jinsi anavyoyatazama maji.

Siku za mbalamwezi taa hazivuti kitu, vyombo vinapumzika, na jioni mchangani wachezaji wanakuwa tele. Hapo ndipo kazi ya kuhamisha namba inapofanyika, na haina mbwembwe. Mwalimu anapima kiwanja kidogo, wanne kwa wanne, kila mmoja aguse mara mbili tu. Anasimama nyuma ya kijana na kuinua vidole. Kabla mpira haujamfikia, kijana lazima apige kelele ni vidole vingapi. Mwanzoni anataja idadi na kuukosa mpira, au anaupata mpira na kukosa idadi. Baada ya majuma anafanya vyote viwili bila kujijua. Mwalimu mwenye busara humweka pia nyuma yake mkabaji mtu mzima, asiyependa maneno, wa kuokota mipira itakayopotea, na itapotea mingi. Wala haanzi jaribio hilo kwenye mechi ya watani.

Tumeliona hili kwa macho kwa Feisal Salum, Fei Toto wa Zanzibar. Yanga walimtumia miaka ya kwanza kama kiungo wa chini, mkabaji na mpokezi wa mpira kutoka kwa mabeki. Kocha Nasreddine Nabi alifika Yanga mwaka 2021. Mwezi Julai timu yake ilifungwa na Simba 1-0 fainali ya Kombe la Shirikisho, hapahapa kwetu Uwanja wa Lake Tanganyika, kwa bao la Taddeo Lwanga. Msimu uliofuata alikuwa na Khalid Aucho na Yannick Bangala wa kulinda mlango, akamsukuma Feisal juu, namba kumi, na Yanga wakachukua ubingwa bila kupoteza mechi ya ligi. Nguvu za mkabaji zilikuwa bado mwilini mwake, ila sasa alizitumia karibu na boksi la adui. Alipohamia Azam alifunga mabao 19 katika msimu wa 2023/24, akapitwa na Aziz Ki wa Yanga peke yake. Nani angelisema, alipokuwa akikaba mbele ya mabeki, kwamba ndani yake kulikuwa na mabao hayo?

Lakini Nabi alikuwa na mkataba na benchi zima la wasaidizi. Mwalimu wa mtaani ana filimbi, na ana mzazi anayemsubiri njiani. "Mwalimu, shikamoo. Huyu kijana alikuwa anafunga kila wiki. Mbona siku hizi simsikii?" Jibu lake linataka adabu, kwa sababu mzazi hana kosa: mawakala wanaopita mkoani huuliza mabao, na anayetoa pasi ya kabla ya pasi hakuna anayemwandika. Mwalimu anaomba muda. Anaahidi kwamba mambo yakishindikana kabisa atamrudisha kijana pembeni, bila fedheha na bila kumlaumu. Na wapo wanaorudi. Jicho la mwalimu nalo hukosea, au mwili wa kijana unakataa, na kumrudisha vizuri ni sehemu ya ufundi huohuo.

Kwa yule anayekubali, mabadiliko huja taratibu. Wenzake wanaanza kumtafuta wakibanwa. Timu inacheza kwa mwendo wake bila kuambiwa. Tangu Mashujaa, timu ya hapa Kigoma, wapande Ligi Kuu mwaka 2023, kijana huyo anaweza kuonekana na wakubwa bila kupanda treni kwenda Dar es Salaam, na akionekana atachukuliwa mapema kuliko zamani. Mwalimu wake hatatajwa. Jumatatu atakuwa mchangani na filimbi yake, anatafuta nani atacheza winga ya kulia.