Mkono Usiobeba Kitu

Vishikio vya Touch vilipotoka Desemba 2016, jozi moja iliuzwa dola 199 za Marekani. Sasa havitengenezwi tena. Hupatikana vya mtumba. Mjukuu wangu, aliyerithi miwani ya Oculus Rift kwa mjomba wake, anataka tumnunulie kwa fedha ya kahawa ya kihamba. Je, vyastahili?

Katika mchezo wa The Climb, asiye navyo hukwea majabali kwa kubonyeza vitufe. Aliye navyo hunyosha mkono, hushika mwamba, hujivuta juu. Sisi walimu wa ualimu tulisisitiza kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda. Hoja ya kijana ina mashiko.

Kasoro iko kwingine. Mwamba ule haumlemei mtu. Kishikio hutetemeka tu kiganjani, na ukianguka waanza upya. Mpagazi wa njia ya Marangu hubeba mzigo hadi Horombo, mita 3,720, ambako pumzi ni haba. Uzito huo ndio humfundisha mtu kupima nguvu zake na kumngoja mwenzake.

Basi vinunuliwe, ila kijana atangulie kufika Mandara kwa miguu, begi mgongoni. Hapo atajua mchezo umeiga nini, na umeacha nini.