Kitovu Kikavu na Mkono Uliotangulia

Tangu tarehe 19 Septemba 2011 hata tarehe 31 Agosti 2014, watoto wachanga 36,911 wa kisiwa cha Pemba waliandikishwa katika jaribio ambalo jambo lake ni dogo kulitaja na zito kulitenda: kwa kura waligawanywa makundi mawili, watoto 18,015 wakapakwa kitovuni na mama au walezi wao dawa ya klorheksidini ya asilimia 4, kila siku, mpaka zipite siku tatu baada ya kitovu kuanguka, na watoto 18,896 waliosalia vitovu vyao vikaachwa vikavu, pasi na dawa wala kitu kinginecho.

Kazi hiyo, aliyoiongoza Sunil Sazawal pamoja na wenziwe, wakiwamo wa Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyoko Wawi, haikuzuka bure. Kwani mwaka 2006 ilikwisha tangazwa kwamba huko Sarlahi, nchini Nepal, vifo vya wachanga waliopakwa dawa iyo hiyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 24. Aghalabu dawa iliyofaulu kwa jirani hupokewa bila ya kuulizwa, lakini Pemba iliuliza.

Jawabu lilipochapishwa mwaka 2016 halikumfurahisha kila mtu. Waliopakwa dawa walifariki 10.5 katika kila 1,000, na walioachwa wakavu 11.7, kabla ya kutimiza siku 28. Asiyezoea hesabu hizi atasema dawa imeshinda, illa uwiano wa vifo vya makundi hayo, ambao ni 0.90, una mipaka yake, baina ya 0.74 na 1.09, yaani yamkini dawa ilipunguza vifo kwa takriban robo, na yamkini haikupunguza hata kimoja. Tofauti iliyo ndani ya mipaka kama hiyo haiwezi kuhukumiwa kuwa ni kazi ya dawa.

Hadi mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hii kwa watoto waliozaliwa majumbani, mahali ambapo vifo vya wachanga hufikia 30 au zaidi kwa kila 1,000, na kwa wengineo kitovu kikavu na kisafi. Pemba, kwa hesabu ya jaribio, ilikuwa mbali chini ya kizingiti hicho. Lakini hapa yataka hadhari: walioandikishwa ni watoto wa umri wa baina ya saa 1 na saa 48, na aliyekufa kabla ya saa ya kwanza hakuingia daftarini kabisa. Kwa hiyo 11.7 si vifo vyote vya wachanga wa kisiwa.

Nami naona saa hiyo ya kwanza ndiyo yenye siri. Kitovu hukatwa mapema, na kabla hakijakatwa mkono wa mzalishaji umekwisha pita. Mtafiti Giorgia Gon na wenziwe waliutazama mkono huo katika wodi 10 za uzazi zenye kazi nyingi kuliko zote Zanzibar, kwa kuandika vitendo vya wazalishaji 104, kimoja baada ya kimoja kwa mpangilio wake. Katika nafasi 781 zilizopasa mikono isafishwe kabla ya kitendo kisichotaka uchafu, ilisafishwa katika asilimia 24.6 tu, na nafasi ambazo mikono ilisafishwa, glovu zikavaliwa, kisha uchafu usiguswe tena, ni asilimia 9.6.

Waislamu wa visiwa hivi hawahitaji kufunzwa kwamba udhu huweza kutanguka kabla ya sala. Glovu nazo ni hivyo hivyo: karibu nusu ya mara mikono iliposafishwa au glovu zilipovaliwa, iliingia uchafu tena, pasipo kukusudia, kabla ya kitendo chenyewe. Mzalishaji amenawa, amevaa, kisha amesogeza kitanda au amevuta pazia, na mkono ule ule ukarudi kwa mama.

Hapo klorheksidini haijafunguliwa bado.