Kabla Hujanunua Kadi ya Grafiki kwa Ajili ya Seva ya Video Nyumbani

Miongozo mingi ya kutengeneza seva ya video nyumbani inaanza na ushauri uleule: tafuta kadi ya grafiki. Nimeisoma mingi, nikaifuata, nikaliwa hela. Siipingi yote. Naipinga pale inapomfanya mtu wa Mkuyuni aingie dukani kununua kitu ambacho huenda tayari anacho mezani.

Nyumbani tuna kompyuta ya ofisi ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha 6, niliyoigeuza seva kwa programu ya Jellyfin. Jellyfin ni ya bure, ilizaliwa Desemba 2018 baada ya Emby kufunga msimbo wake. Plex inataka ulipie kwanza ndipo ikuruhusu kubadili video kwa kutumia kadi, kwa hiyo kwa mwanafunzi hapakuwa na mjadala. Lengo lilikuwa moja tu: mama aone video ya harusi ya dada kwenye TV ya sebuleni. Baba yumo mule, anacheza na wakwe zake, miezi michache kabla hajafariki. Binamu alirekodi kwa simu yake, iPhone 12, kwa ubora wa 4K. Tukakaa, tukawasha, ikawa inaganda kila baada ya sekunde mbili. Mama akaniangalia. "Mwanangu, DVD zetu za zamani zilikuwa hazigandi. Hii ya kisasa ndo inaganda?"

Swali la haki kabisa. Video hubanwa kwa kodeki ili isijaze diski. Kodeki ya H.264, ya mwaka 2003, inaeleweka karibu kila kifaa. HEVC, ya 2013, inaweza kupunguza ukubwa wa faili hadi karibu nusu kwa ubora uleule, ila TV nyingi za zamani haziijui. TV isipoelewa, seva inakuwa mkalimani: inafungua kila fremu, inaibana upya kwa H.264, na mtazamaji yuko palepale anasubiri. Fremu moja ya 4K ina nukta zaidi ya milioni 8, na zinakuja fremu 30 kila sekunde. Prosesa ikichelewa kidogo tu, picha inaganda.

Hapo ndipo miongozo inasema "ipe GPU hiyo kazi", na hapo ndipo ugomvi wangu nayo unapoanza, kwa sababu maneno yenyewe yanapotosha. Anayesikia GPU anawaza zile kadi za michezo, zenye viini maelfu na feni mbili. Lakini kazi ya kufungua na kubana video haifanywi na viini hivyo. Inafanywa na sakiti ndogo iliyochongwa pembeni ya chipu, isiyojua kazi nyingine yoyote. Ndiyo maana kadi ya bei mbaya na ya bei nafuu za kizazi kimoja mara nyingi zinabana video kwa ubora uleule. Na Intel wamekuwa wakiweka sakiti ya namna hiyo ndani ya prosesa zao nyingi tangu 2011, wanaiita Quick Sync. Ile kompyuta ya mtumba inayo!

Mimi sikulijua hilo. Nikaenda duka moja mjini, kijana akaniambia, "Kaka, hii GT 1030 inacheza 4K bila shida." Hakudanganya. GT 1030 inafungua HEVC vizuri tu. Haina sakiti ya kubana, basi. Nusu ya kazi ya mkalimani haiwezi. Nikarudi nyumbani, nikaweka tiki kwenye kila kisanduku cha mipangilio bila kuangalia kadi inaweza nini, na video sasa haikufunguka kabisa. Kosa langu, lakini katika miongozo niliyoisoma hakuna hata mmoja ulioeleza kwamba kufungua na kubana ni uwezo wa aina mbili.

Tuje kwenye namba iliyoandikwa kwenye stika ya kompyuta, maana ndiyo ya kuangalia kabla ya yote. Quick Sync ya kizazi cha 6 inamudu HEVC ya biti 8. Ile ya biti 10, inayogawa kila rangi msingi katika ngazi 1,024 badala ya 256, sakiti yake ilikuja kizazi cha 7. Simu ya binamu inarekodi biti 10 bila hata kuulizwa. Yaani nilikosa kwa namba moja. Pia epuka prosesa ya Intel ambayo jina lake linaishia na herufi F, hiyo haina grafiki ya ndani. Na kama unatumia Linux, hakikisha mtumiaji wa Jellyfin yumo kwenye kundi la render, la sivyo sakiti ipo lakini hairuhusiwi kuiona.

Halafu kuna LUKU. Kadi inayokula wati 10 tu ikiwa imekaa bure, saa 24 kwa siku, inamaliza yuniti 7.2 kwa mwezi. Kwa nyumba inayojibana isivuke yuniti 75 ili ibaki kwenye bei ya chini, hizo si chache.

Nilichofanya mwishowe ni kumtoa mkalimani wa papo kwa papo. Video ya dakika 40 niliiachia FFmpeg usiku iibadilishe mara moja tu kuwa H.264 ya 1080p, kwa prosesa, taratibu. Kubana hivi kwa prosesa hutoa picha safi kuliko sakiti nyingi za zamani kwa faili la ukubwa uleule. Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa nane, kazi yote ikapotea, tangu hapo nakata vipande vya dakika 10. Usiku wa pili rangi zilitoka zimepauka kama kanga iliyofuliwa mno, kwa kuwa sikupunguza HDR kwenda rangi za TV ya kawaida. Hapa niwe mkweli: kupunguza HDR ni kazi ambayo viini vya kadi huifanya hasa, na kwa haraka. Wa tatu ikakubali. Faili la asili sijalifuta.

Miongozo iko sahihi kwa mwenye hosteli ya watu kumi, kila mmoja na simu yake. Iko sahihi pia kwa dada, yuko Dodoma na anataka kutazama kutoka seva ya Mkuyuni. Intaneti yetu ya kupandisha haibebi faili zito, lazima lipunguzwe palepale anapobonyeza. Kwa ajili yake natafuta kompyuta ya kizazi cha 7. GT 1030 bado ipo ndani ya boksi lake, kama kuna anayehitaji kadi ya kufungulia tu aseme.

Mama video ameshaiona mara nne. Akifika pale baba anapocheza, anarudisha nyuma.