Kinga Si Jeshi

Mama mdogo aliacha dawa kwa sababu ya neno moja. Ndani ya boksi la vidonge vyake mlikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza, akampa kijana wa jirani amsomee. Kijana alitafsiri vizuri tu: dawa hii hupunguza kinga ya mwili. Mama mdogo aliikunja karatasi, akairudisha kwenye boksi, na boksi akalitia kabatini.

Alikuwa msichana miaka ya 1990 na amezika kaka zake wawili. Kwake yeye, upungufu wa kinga mwilini si maelezo ya kitabibu. Ndicho kirefu cha UKIMWI.

"Mwanangu, nina lupasi tayari," aliniambia kwenye simu baadaye. "Sasa wanataka wanipe na ule mwingine?"

Prednisoloni haiachwi ghafla. Mwili uliozoea kuipokea kila siku hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe ya namna hiyo, na ugonjwa uliokuwa umetulizwa unaweza kuamka. Baada ya wiki tatu miguu ya mama mdogo ilivimba na mkojo wake ukawa na povu. Lupasi ilikuwa imefika kwenye figo. Tulimrudisha hospitali, akalazwa, akapata nafuu. Leo anameza dawa zake, ila anapimwa figo mara kwa mara kuliko zamani.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili katika tafsiri, na insha yangu ya semina ilikuwa kuhusu Susan Sontag. Nilikuwa nimebeba Illness as Metaphor wodini, na nilikisoma nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, maana viti havikutosha.

Sontag alikichapisha kitabu hicho mwaka 1978, baada ya kutibiwa saratani ya titi, ingawa humo ndani hajitaji kabisa. Hoja yake ni kwamba lugha ya vita humwumiza mgonjwa. Ugonjwa ukiwa adui, asiyepona ataonekana hakupigana vya kutosha. Dawa yake Sontag ni kuivua maradhi mafumbo yote tuyaone yalivyo. Mwaka 1989 alirudi na kitabu cha pili, kuhusu UKIMWI, akakiri kwamba hatuwezi kufikiri bila mafumbo, lakini lile la kijeshi bado alitaka listaafishwe.

Pale wodini nilimwelewa, na bado sikukubaliana naye. Sisi pia tumelelewa na askari. Shuleni niliambiwa chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Kwenye semina za UKIMWI tuliambiwa virusi huwashambulia askari hao, na CD4 zikishuka maana yake jeshi limeisha. Picha hiyo ilifanya kazi. Iliwaeleza watu, kwa sentensi moja, kwa nini mgonjwa anaweza kufa kwa kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo na si kwa kirusi chenyewe. Siwezi kuidharau.

Lakini ilipofika kwa mama mdogo ilikwama. Kwenye lupasi mfumo wa kinga hushambulia tishu za mwili wenyewe: viungo, ngozi, figo. Kati ya kila wagonjwa kumi, takriban tisa ni wanawake. Daktari mmoja alimweleza kwa nia njema: "Askari wako wamekuasi, mama." Yeye akakaa siku mbili akijiuliza amekosa nini hata waasi. Watu wa kanisani walikuja na unga wa mlonge, tangawizi na kitunguu saumu ili kumwongezea kinga. Kama kinga ni jeshi, nani asiyetaka jeshi kubwa? Na daktari anayetoa vidonge vya kulipunguza anafanya kazi ya nani?

Kitabu kilichonisaidia zaidi ni On Immunity cha Eula Biss, cha mwaka 2014. Biss ni Mmarekani aliyeanza kusoma habari za chanjo alipojifungua mtoto wa kiume. Anaanza na Achilles, yule wa hadithi za Wagiriki ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa kisiginoni, na anamalizia na bustani ambayo wote tunaitunza. Ni kitabu kizuri, ila msomaji wa Kiswahili ataona jinsi mwandishi anavyopambana na lugha yake mwenyewe. Neno la Kiingereza la kinga limetoka kwenye Kilatini, ambako lilimhusu mtu aliyesamehewa kodi na kazi za umma. Kwa asili yake ni neno la anayejitenga. Biss anataka kusema kinyume, kwamba afya yangu inategemea chanjo ya mtoto wako, na inambidi atumie kitabu kizima kulipindua neno hilo.

Sisi neno letu ni lipi? Kukinga ni kuzuia, kama mkono unavyokinga uso. Pia kukinga ni kuweka chombo chini ya kitu kinachodondoka. Mvua ikianza kule kwetu Muheza, bibi hapigi kelele "zuieni maji". Anasema "kingeni maji", na wote tunakimbia na ndoo, sufuria na madebe hadi chini ya bati. Anayekinga maji hapigani na mvua. Anapokea kiasi, anaacha mengine yapite, na anaweka akiba ya kiangazi.

Nikisoma biolojia naona maana hii ya pili inatoshea kuliko ile ya askari. Tumbo letu lina bakteria wasiohesabika, na mfumo wa kinga hauwamalizi, unaishi nao. Mama mjamzito hubeba mtoto ambaye nusu ya jeni zake si za mama, na mwili haumfukuzi. Chanjo ni akiba: mwili hukutanishwa na kiasi kidogo kisicho na hatari, nao hutunza kumbukumbu. Seli T hukomazwa kwenye tezi ya thaimasi, karibu na moyo, na zile zinazoelekea kuushambulia mwili nyingi hufa hapohapo. Zinazoponyoka hutulizwa na seli nyingine za kudhibiti. Kwa kazi hiyo ya utulizaji, Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Sehemu kubwa ya kazi ya kinga, kumbe, ni kujizuia.

Picha ya ndoo nayo ina upungufu. Ndoo haitambui maji yapi ni machafu, na seli hutambua. Sipendekezi tuwafukuze askari wote tuwaweke mapipa. Ninachodai ni kidogo zaidi, na ni cha kazi yangu ya tafsiri: kwenye karatasi ya dawa tuandike "hutuliza kinga", si "hupunguza kinga". Sehemu ya madhara isifichwe. Mgonjwa aambiwe wazi kwamba atashikwa na maambukizi kwa urahisi zaidi. Ila asiambiwe kwa maneno yaliyokwisha kuwa jina la ugonjwa mwingine.

Tumewahi kuweza. ARV tuliziita dawa za kufubaza virusi. Sijui nani wa kwanza kulisema neno hilo, lakini alichagua kitenzi cha rangi inayopauka, hakuchagua risasi, na nchi nzima ikamwelewa.

Nilimjaribishia mama mdogo maelezo ya maji alipokuwa anakaribia kutoka wodini. Nilimwambia kinga yake imefurika inaingia mpaka ndani ya nyumba, na vidonge vinaituliza. Alifikiri kidogo.

"Sasa mbona mlikuwa mnaniletea mlonge?"

Nilimwambia ukweli, kwamba hata mimi nilibeba pakiti moja.