Ufunguo wa Wimbo: Istilahi Moja, Dhana Mbili

Katika muziki, neno "ufunguo" limebebeshwa mzigo mzito. Hutajwa kwa alama iandikwayo mwanzoni mwa mistari mitano, na hutajwa pia kwa sauti ambayo wimbo huitegemea. Ya kwanza huonwa kwa macho. Ya pili hutafutwa kwa sikio.

Tumchukue anayejifunza fidla hapa Sumbawanga. Nyuzi zake ni G, D, A na E. Wimbo wake una sauti G, A, B, C, D, E na F iliyopandishwa nusu. Akiambiwa atafute ufunguo, ataona alama moja ya kupandisha, naye atajibu: G. Iwapo wimbo hutulia kwenye E, amepotoka, na istilahi ndiyo iliyompotosha.

Mwanakwaya wa Ufipa asomaye solfa hapotei hivyo. Karatasi humwambia kuwa do ni G. Sikio humwambia kuwa wimbo umetulia kwenye la.

Basi "ufunguo" ubakie jina la alama, na sauti ya kutulia iitwe "makao" ya wimbo. Walimu na walijaribu darasani kabla halijasanifiwa.