Kujiamini Hujengwa kwa Dakika

Mtu anayetetemeka mbele ya hadhira huambiwa, "Jiamini!" Ushauri huo haumfai, kwa kuwa unamtaka aanze na kile kile anachokitafuta. Klabu za Toastmasters, chama cha kujifunza kusema hadharani, humpa kazi ndogo, kisha kubwa kidogo, na hofu hupungua njiani. Ralph Smedley, mtumishi wa YMCA, alianza kuwafundisha vijana kusema hadharani huko Illinois, Marekani, mwaka 1905. Klabu ambayo chama hiki huhesabu kuwa ya kwanza aliianzisha Santa Ana, California, tarehe 22 Oktoba 1924. Leo klabu hizo zipo hadi Nairobi na Dar es Salaam.

Tazama kikao kinavyopangwa. Mgeni aliyejiunga karibuni anaweza kupewa utunzaji wa muda. Kabla hotuba hazijaanza, atasimama na kueleza kazi yake: kadi au taa ya kijani, ya njano na nyekundu. Ni sentensi tatu au nne tu, lakini tayari ameusemesha ukumbi mzima, na hakuna aliyemcheka.

Hotuba yake ya kwanza huwa ya dakika 4 hadi 6, naye hujieleza mwenyewe. Hapo ndipo penye ustadi wa mpango huu. Maisha yake anayajua kuliko yeyote aliyeketi pale, hivyo hana mzigo wa kukariri. Kilichobaki ni kuikabili hofu tu. Mpangilio wa hoja, sauti na mikono hufuata katika hotuba za baadaye.

Kisha huja maswali ya papo kwa papo. Unaitwa, unapewa mada hapo hapo, unajibu kwa dakika 1 hadi 2. Anayezoea zoezi hili hugundua kwamba wazo la pili huja akiwa bado analisema la kwanza. Kwenye usaili wa kazi au kikao cha ukoo, ugunduzi huo ni akiba kubwa.

Nguzo ya mwisho ni tathmini. Mwanachama mwenzako husimama kwa dakika 2 hadi 3 akieleza ulipofaulu, ulipopungukiwa na namna ya kurekebisha. Mwingine amehesabu kila "aah" na "yaani" uliyotamka. Mwoga hukisia kwamba ameharibu kila kitu. Tathmini humwonyesha kwamba makosa yake ni moja au mawili, na yanatibika. Ndiyo maana klabu ambayo kila tathmini yake ni sifa na makofi humnyima mwanachama dawa aliyoifuata.

Kwetu ipo kasoro moja: vikao vingi vya mijini huendeshwa kwa Kiingereza. Anayefikiri kwa Kiswahili hubeba mizigo miwili, hofu na lugha, na akikwama hajui ni upi uliomwangusha.

Mbinu yenyewe haidai lugha yoyote. Walimu, viongozi wa vikundi vya akina mama, vijana wa misikitini na makanisani, ianzisheni kwa Kiswahili na mkutane kila wiki. Watu wanane, saa moja ya mkononi na kadi tatu za rangi vinatosha kuanza.